Mwerebi wa mapambo unapogoma Mwanza: chimba kwanza, dawa baadaye

Ncha za majani ya mwerebi (willow kwa Kiingereza) zikianza kukauka, wengi wetu tunakwenda moja kwa moja duka la pembejeo. Muuzaji anauliza kama kuna wadudu, tunajibu "nadhani wapo", na tunarudi nyumbani na chupa ya dawa. Nahudumia bustani za watu hapa Mwanza, za mlimani Isamilo na za bondeni Igoma, na ninaloliona msimu hadi msimu ni kwamba mwerebi unaougua kwetu mara nyingi hauna mdudu wala ukungu. Ama mizizi yake ina shida ya maji, ama ni aina iliyozoea majira ya baridi kali ambayo huku hayapo. Dawa ya kunyunyizia juu haigusi hata moja kati ya hayo mawili. Ndiyo maana karibu kila dalili nitakayoieleza, nitakutuma kwanza uchukue jembe.

Una mwerebi upi?

Jibu hili linabadilisha ushauri wote unaofuata.

Ule wa kichaka wenye majani ya madoa meupe, ya kijani na ncha za waridi unaitwa Hakuro Nishiki. Ni aina ya Salix integra, mmea wa Japani, Korea na kaskazini mashariki ya China. Huishia kimo cha mita moja na nusu hadi mbili. Mara nyingine huuzwa ukiwa umeungwa juu ya shina refu la mwerebi mwingine ili uonekane kama mti mdogo. Huu ndio mgumu kuliko yote kwetu.

Ule wenye matawi yanayoning'inia hadi chini ni Salix babylonica. Asili yake ni China, na unavumilia joto vizuri zaidi, ila ni mti kamili, si kichaka. Usiupande kwenye kiwanja kidogo.

Wa tatu ni wa kwetu: mwerebi wa mtoni wa Afrika, Salix subserrata, unaoota kandokando ya mito ya Afrika Mashariki. Una majani membamba yenye meno madogo pembeni, na upande wa chini umepauka. Hauna rangi ya waridi, lakini haujui majira ya baridi na wala hauyahitaji. Mtu akiniuliza apande upi, namwambia huu, bila kusita. Wengi hata hivyo wameshaupenda ule wa waridi, na mti ukishakuwa ardhini lazima uhudumiwe, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya huo.

Kama unataka kuleta vipandikizi kutoka Kenya kupitia Sirari, fuata utaratibu wa kibali na cheti cha afya ya mimea. Mamlaka inayohusika ni ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha. Tawi bichi lililofichwa kwenye begi linaweza kubeba ugonjwa ambao bado haujafika huku.

Shimo la kupima

Simama hatua moja kutoka kwenye shina, upande ambao matawi yameathirika zaidi, uchimbe shimo jembamba la kina cha sentimita 40 hivi. Chimba taratibu usikate mizizi mikubwa. Chukua udongo wa chini, uukamue kwenye kiganja.

Ukimwagika kama mchanga mkavu, uko kwenye luseni, udongo wa mlimani uliotokana na mawe yetu ya matale. Ndio uliopo Capri Point, Bugando, Isamilo na kwingi Bwiru. Maji hupita humo kama hakuna kitu. Ukinata, mweusi, mzito, hiyo ni mbuga. Jembe likigonga tabaka gumu la kijivu chini ya mchanga kidogo, huenda ni itogolo au ibambasi, na Wasukuma waliolima kabla yetu hawakuyapa mashamba hayo majina tofauti bure: kila moja linashika maji kwa namna yake.

Kisha jaza shimo maji, yaache yazame, ujaze tena. Safari ya pili ndiyo ya kupima. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 au 3 kwa saa, udongo wako haupitishi. Yakiisha yote ukiwa bado unatafuta saa, una tatizo la upande wa pili. Andika ulichokiona, utakihitaji kwa kila dalili iliyoko hapa chini.

Ncha na kingo za majani zinageuka kahawia

Hii ndiyo lalamiko kubwa, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Usiangalie jani peke yake. Angalia ni majani ya upande gani.

Kama yameungua upande wa magharibi tu, na hasa zile sehemu nyeupe za jani, hilo ni jua. Sehemu nyeupe haina kijani cha kujikinga, na Mwanza tuko kama nyuzi 2.5 kusini ya Ikweta, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa nane mchana hapa si lile mmea huu uliozaliwa nalo. Hakuro Nishiki inahitaji jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia saa saba hivi. Ukuta wa mashariki ya nyumba unafaa sana. Mwembe au mparachichi ulio upande wa magharibi wake unafaa pia, ila usiusogeze karibu mno na mwembe maana mizizi itagombania maji na mwembe utashinda. Kama mti ulishapandwa juani na ni mchanga bado, uhamishe mwanzoni mwa mvua za vuli, na donge kubwa la udongo. Kama ni mkubwa, weka wavu wa kivuli kwenye nguzo mbili upande wa magharibi kwa kiangazi chote. Hauna sura nzuri, lakini unasaidia.

Kama yameungua upande unaotazama ziwa, na majani yamechanika pamoja na kukauka, shughulika na upepo. Kuanzia mchana upepo wa ziwani hupanda kwenye vilima bila kuzuiwa na kitu, na jani jembamba hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta. Ua wa mimea mingine unaopitisha upepo kidogo husaidia kuliko ukuta wa matofali, kwa sababu ukuta huurusha upepo juu kisha ukauangusha kwa nguvu upande wa pili.

Kama yameungua mti mzima, juu hadi chini, rudi kwenye shimo lako. Udongo ukiwa mkavu kina cha kiganja kimoja, mti una kiu, hata kama unamwagilia kila siku. Na hapa ndipo wenye luseni wanapopotea. Kumwagilia kila jioni kwa mpira dakika mbili kunalowesha sentimita chache za juu. Mizizi nayo inapanda kufuata unyevu huo, kisha jua la kesho linaikaanga. Mwerebi ni mmea wa kando ya mto. Unataka maji mengi yanayofika chini. Kwa kichaka kilichokwishashika, ndoo mbili za lita 20 zilizomwagwa taratibu kila baada ya siku mbili au tatu zina faida kuliko maji ya juu juu ya kila siku. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina ili maji yasiteremke mlimani. Kwa mlima mkali, kisahani hicho kijengwe kwa mawe upande wa chini. Mawe Mwanza hayajawahi kuadimika.

Kisha funika udongo. Pumba za mpunga zinapatikana kwenye mashine za kukobolea, na ukichanganya na majani makavu au nyasi hazipeperushwi na upepo. Unene wa sentimita 7 hadi 10 unatosha. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Sababu utaiona tukifika kwa mchwa.

Kuna chanzo kingine nakiona kwenye nyumba zinazotunza maji: maji ya kufulia. Sabuni ya unga ina chumvi ya sodiamu, na ikirundikana kwenye udongo, kingo za majani huungua sawasawa na zilivyoungua kwa kiu, tena udongo ukiwa umeloa kabisa. Udongo ulioloa na majani yaliyoungua kingo ni ishara ya chumvi au ya mizizi iliyooza. Zitofautishe kwa pua. Mizizi iliyooza inanuka, ni laini, na ganda lake linachomoka ukilivuta. Kwa chumvi, mizizi ni migumu ila imebaki michache. Acha maji ya sabuni, na mwaga maji safi kwa wingi mara kadhaa ili chumvi isukumwe chini. Maji ya ziwani ni baridi, hayana chumvi ya kuogopesha, kwa hiyo hayo usiyalaumu. Mbolea ya dukani iliyozidi huunguza vilevile. Mwerebi hauhitaji karamu, samadi iliyooza vizuri mara moja kwa mwaka inatosha.

Majani ya njano

Angalia umri wa jani lililopata njano.

Majani ya zamani, ya chini, yakigeuka njano yote kabla ya yale ya juu, mti una njaa ya naitrojeni. Hutokea sana kwenye luseni kwa sababu mvua za masika huiosha. Samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja kuzunguka kichaka, si shinani.

Majani machanga ya nchani yakiwa ya njano na mishipa yake imebaki kijani, mti umekosa chuma, na mara nyingi chuma kipo udongoni ila kimefungwa kwa sababu udongo una magadi au chokaa. Kwa nyumba mpya za Buswelu na Kisesa, kabla ya kulaumu magadi ya ibambasi, chimba uone mafundi waliacha nini. Mara nyingi utakuta saruji iliyomwagika, vipande vya matofali, mabaki ya chokaa, vyote vimefukiwa na lori moja la udongo mzuri juu yake. Hakuna dawa ya hapo isipokuwa kuchimbua. Panua shimo hadi mita moja, toa uchafu wote, rudisha udongo uliochanganywa na mboji. Na usimwage majivu ya jikoni kwenye mti huo: majivu yanaongeza magadi yale yale yaliyofunga chuma.

Majani ya kila umri yakiwa ya njano, laini, yanaanguka ukiyagusa tu, na shimo lako bado lina maji ya jana, mizizi imekosa hewa. Soma sehemu ya maji yaliyosimama.

Rangi ya waridi imepotea

Hii si ugonjwa, na inaniuma nikisikia watu wameuziwa mbolea kwa ajili yake. Waridi na weupe wa Hakuro Nishiki uko kwenye machipukizi mapya tu. Jani likikomaa linakuwa la kijani. Kwao, baridi inasimamisha mti, kisha majira ya kuchipua yanatoa machipukizi yote kwa mpigo mmoja, na ndipo kichaka kizima kinawaka. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki hata kwa nusu saa mwaka mzima, na usiku wa baridi wa Juni na Julai haukaribii kabisa zile nyuzi 7 ambazo mimea ya aina hii huzisubiri ili ilale. Kwa hiyo mti unachipua kidogo hapa, kidogo pale, mwaka mzima, na rangi inatawanyika.

Mkasi ndio unaofanya kazi ya majira ya baridi. Mwishoni mwa Septemba, vuli ikikaribia, pogoa matawi yote yarudi nyuma kwa theluthi moja hadi nusu, na majani ya zamani yaliyobaki yachume kwa mkono. Mvua ya kwanza nzuri itakuta macho ya matawi, pale machipukizi yanapotokea, yote yapo tayari kwa pamoja. Rudia kwa wepesi zaidi mwishoni mwa Februari kabla ya masika. Kichaka kilichozeeka, chenye matawi manene yasiyochipua vizuri, unaweza kukikata hadi sentimita 30 kutoka ardhini, mradi shimo lako limeonyesha mizizi mizima na una maji ya kukihudumia. Usifanye hivyo Juni: utakuwa umeudai mti machipukizi wakati hakuna mvua ya kuyalisha.

Kuna upotevu wa rangi wa aina nyingine. Ukiona tawi moja limetoka kwa nguvu, refu kuliko yote, na majani yake ni ya kijani tupu tangu linachipua, likate hadi lilipoanzia. Lina kijani kingi, linajitengenezea chakula kingi, na likiachwa litawafunika wenzake wote. Kama mti wako umeungwa kwenye shina refu, chunguza pia maotea yanayotoka chini ya kiungo au ardhini. Hayo ni ya mti wa chini, si ya Hakuro Nishiki. Yang'oe yakiwa bado laini. Ukiyakata kwa mkasi yanarudi mawili mahali pa moja.

Kivuli kizito nacho hufuta rangi. Mti uliohamishwa kukimbia jua ukawekwa nyuma ya nyumba usikoona jua hata la asubuhi, utakuwa wa kijani na matawi marefu dhaifu.

Umepukutisha kila jani, umebaki vijiti

Mama mmoja wa Kirumba alinipigia simu mwezi wa nane.

"Kijana, ule mti wangu umekufa. Nimwambie mtu aje aung'oe?"

"Shikamoo mama. Usiung'oe kwanza. Chukua ukucha, kwaruza gome la tawi moja, uniambie ndani kuna rangi gani."

"Marahaba. Subiri… Kijani."

Basi haukufa. Mwerebi uliokosa maji ya kutosha kipupwe na kiangazi hutupa majani ili ubaki na uhai kwenye matawi. Kwaruza kuanzia nchani kurudi shinani. Panapokuwa kahawia na pakavu, pamekufa. Panapoanza kijani na unyevu, pana uhai. Kata juu kidogo ya jicho lililo kwenye sehemu hai, mwagilia hadi chini, funika udongo, subiri mvua. Usiweke mbolea ya dukani wakati mti hauna majani, hauna pa kuipeleka.

Kwa aina za baridi kuna jambo la ziada. Zikikosa usingizi wa baridi, baadhi ya macho hayaamki kabisa, na tawi hubaki tupu katikati na kijani nchani tu. Kupogoa kwa Septemba niliyokutajia husaidia kuyaamsha, lakini sitakudanganya kwamba mti utakuwa kama wa kwao. Hudhoofika taratibu mwaka hadi mwaka kuliko mwerebi wa mtoni, na mtunzaji anapaswa kuwa na vipandikizi vichanga pembeni vya kushika nafasi.

Vipandikizi vimechipua, kisha vimekufa

Mwerebi ni kati ya mimea rahisi kabisa kuotesha kwa tawi, ndiyo maana watu hushangaa vikifa. Tawi lina chakula chake cha akiba, na hutoa majani kabla ya kutoa mizizi. Yale majani ya wiki ya kwanza si ushahidi kwamba limeshika. Likiwekwa juani wakati huo, majani yanavuta maji ambayo hakuna mzizi wa kuyaleta.

Kata tawi la unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 30, na uzamishe theluthi mbili zake ardhini, likibaki na macho mawili au matatu juu. Hakikisha macho yanatazama juu. Tawi lililogeuzwa linaweza kuchipua kidogo lakini haliendi mbali. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu muda wote. Ukitumia chupa ya maji, badilisha maji kila siku mbili au tatu, na hamisha kwenye udongo mizizi ikiwa mifupi, ya urefu wa kidole hivi. Mizizi iliyozoea maji ikiachwa mirefu huvunjika ukipanda. Usivute tawi kila asubuhi kuona kama limeshika.

Maji yaliyosimama

Watu wananiambia mwerebi hauwezi kuzama kwa maji kwa sababu ni mti wa mtoni. Ni kweli kwa nusu. Maji ya mto yanatembea na yanabeba hewa. Maji yaliyonaswa juu ya tabaka la ibambasi, au ndani ya chungu kisicho na tundu, ni ya moto, hayaendi popote, na hewa yake huisha.

Mti mkubwa ulio kwenye mbuga utastahimili mafuriko ya masika. Ukiona vimizizi vyeupe au vya waridi vinatoka kwenye shina usawa wa maji, usivikate: mti unajitafutia hewa, unajiokoa. Maji yalipopanda ziwani mwaka 2020, bustani nyingi za ufukweni zilikaa majini muda mrefu, na hapo ndipo tofauti ya mimea ilipoonekana wazi. Mapapai huanza kufa baada ya siku chache tu za kuzama, mierebi hukaa.

Mti mchanga hauna uwezo huo. Kwa mbuga na ibambasi, pandia juu ya tuta la sentimita 30, usichimbe shimo refu kisha ukalijaza udongo laini, maana shimo hilo litakuwa bakuli la kukusanya maji ya kiwanja kizima. Chimba mfereji mdogo wa kutoa maji upande wa chini. Na kiangazi, mbuga ikianza kupasuka, jaza nyufa mboji na uweke matandazo mapema, kwa sababu udongo unapopasuka unakata mizizi pamoja nao.

Wenye viwanja vya ufukweni, kama Luchelele, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu. Kabla ya kutengeneza bustani yenye kuta na ngazi hapo, ulizeni kwanza.

Matawi mliyopogoa msiyatupe mto Mirongo wala ziwani. Kipande cha mwerebi kinachoelea kinaweza kushika popote kitakapokwama. Australia imetumia fedha na miaka mingi kuondoa mierebi ya kigeni iliyosambaa hivyo kwenye mito yake. Sisi tumeishi na magugu maji tangu yalipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na yalianza kama ua zuri la bustani. Yakausheni matawi juani mpaka yavunjike, kisha kuni.

Wadudu, sasa

Majani yananata, kuna unga mweusi juu yake, na sisimizi wanapanda na kushuka: tafuta vidukari. Mdogo wa kijani hukaa chini ya majani machanga. Mierebi ina pia kidukari wake mkubwa wa kahawia anayejipanga kwenye gome la matawi. Wapigwe na maji ya mpira kwa nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakibaki, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, chini ya majani. Mwarobaini pia unafaa.

Majani yamepauka kwa vidoti vidogo na kuna utando mwembamba: utitiri mwekundu, na chanzo chake ni ukavu na vumbi. Barabara ya vumbi ikiwa karibu, osha majani mara moja kwa wiki kiangazi.

Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu. Okota majani yaliyoanguka uyachome, punguza matawi ya ndani hewa ipite, na usinyunyize maji juu ya majani jioni.

Mchwa wakijenga tope juu ya shina, wanafuata gome lililokauka au matandazo yaliyogusa shina. Brashi tope, sogeza matandazo, mwagilia. Mti wenye afya hawaupendi.

Vijiti vya nchani vikiwa vimechunwa majani safi, bila alama ya kutafunwa, tazama juu. Mnana, yule ndege wa manjano asukaye viota vya kuning'inia, huchuna majani kuzunguka kiota chake, na matawi ya mwerebi yanampendeza sana. Msimu wake ukipita majani yanarudi. Mimi huwaacha.

Wale inzi wa ziwani wanaotoka kwa mawingu mwezi unapoandama na kujaa kwenye majani asubuhi hawali chochote. Usiwapige dawa, utaua buibui na ndege wanaokufanyia kazi bure.

Ikibidi kabisa kununua dawa, hakikisha kibandiko kinaonyesha imesajiliwa na TPHPA, na usichanganye chupa mbili kwa kubuni.

Mti mzima, lakini choo kinapanda maji

Mwerebi wenye afya nzuri ajabu katikati ya kiangazi, wakati majirani wake wamenyauka, unanitia shaka. Mizizi yake hufuata unyevu unaovuja kwenye kiungo cha bomba, huingia, na huko hujaa. Karo ikianza kujaa kabla ya wakati au choo kikishuka polepole, chimba kati ya mti na bomba uone. Kwa mti wa kuning'inia, weka angalau mita 10 kutoka karo au bomba la maji taka. Kwa kichaka, mita tatu hadi tano. Kwenye makazi ya mlimani, ambako mabomba hupita juu ya mawe na kina hakipo, nakataa kabisa kupanda mwerebi. Huko napanda ule mti wa maua mekundu kama brashi ya chupa, unaoning'inia vilevile na hauna kiu ya namna hiyo.

Lini kuung'oa

Kwaruza gome usawa wa ardhi, pande nne. Kote kukiwa kahawia kavu, na mizizi uliyoichimbua inavunjika au inanuka, umekwisha. Usipande mwingine hapo hapo kwa haraka. Toa mizizi yote, ipasue uangalie: ikiwa na vinundu vingi kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na eneo hilo lipumzike kwa kupandwa mabangi ya maua (marigold, si bangi ya kuvuta) msimu mzima. Ikiwa haina vinundu, acha shimo wazi wiki mbili jua liingie, rekebisha kile shimo la kupimia lilichokuonyesha, iwe ni saruji, tabaka gumu au mchanga mtupu, kisha upande kipandikizi cha mwerebi wa mtoni baada ya mvua za vuli kulowesha udongo kina cha kiwiko.